Jangwa la Sharqiya, Oman: cha kununua kwanza na cha kuacha

Ulizia safari ya jangwani ukiwa Muscat, utatajiwa gari, ngamia, pikipiki, ubao na hema, na wapo watakaokuuzia vyote kwa siku moja. Kataa. Jangwa linataka muda, na muda ndio wa kulipia. Ndiyo maana nimevipanga hivi.

Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba, uko kiasi cha kilomita 200 kutoka Muscat, mwendo wa saa tatu hivi, lami mpaka Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa mchanga. Ukisimama mji wa Ibra njiani, jaribu kusalimia kwa Kiswahili. Mkoa huu ndiko zilikotoka familia nyingi zilizohamia Unguja na bara, na baadhi ya wajukuu wao wamerudi.

1. Kulala kambini. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, iwe hiki. Fika alasiri, pumzika kivulini, kisha panda kilima kabla ya magharibi. Vingine vinakaribia mita 100. Pandia upande unaopigwa na upepo, maana hapo mchanga umeshikana. Upande wa pili ni mwinuko mkali, kila hatua unayopiga inakurudisha nusu. Vua viatu. Jua likishazama, mchanga uliokuwa ukiunguza nyayo unapoa upesi, na ukikaa kimya unausikia upepo ukiusogeza.

Kabla ya kulipa uliza: chakula cha usiku na cha asubuhi vimo kwenye bei? Usafiri kutoka Bidiyah hadi kambini je? Kambi nyingi hutoza huo kando, na hapo ndipo bei rahisi inapogeuka ghali. Choo ni cha chumbani au cha pamoja? Jenereta inazimwa saa ngapi? Mimi nachagua kibanda cha makuti kisicho na muziki, ila ukisafiri na wazee au watoto wachanga, lipia chumba chenye kiyoyozi bila kusita.

2. Ngamia, alfajiri. Nusu saa inawatosha wengi. Mtazame mnyama kwanza: akiwa na vidonda puani au chini ya matandiko, usimpande, na mwambie mwenyewe sababu. Akisimama huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo egemea nyuma na ushike imara, la sivyo utatupwa mbele.

3. Gari la kupanda vilima. Aendeshe dereva mwenyeji. Utamwona akichuchumaa kwenye kila tairi, akitoa upepo mpaka tairi inywee na kutanuka juu ya mchanga. Asiyefanya hivyo usipande naye. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo wabaki kambini wanywe kahawa ya hiliki na tende. Gari la kukodi usiliingize mchangani peke yako: soma mkataba kwanza uone kama bima inakubali. Mwenye uwezo anunue safari ya kuvuka mchanga wote hadi pwani ya Bahari ya Arabu, lakini kwa magari mawili, ili moja likikwama lingine livute.

4. Ubao wa kutelezea. Mara nyingi kambi huwa nao, wakati mwingine bure. Watoto watafurahi. Usinunue kifurushi kwa ajili yake.

5. Pikipiki za magurudumu manne. Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Kelele zake zinaharibu kile ulichokifuata, na magurudumu yanaponda vichaka ambavyo mbuzi na ngamia wa Mabedui wanavitegemea. Kijana wako aking'ang'ania, nusu saa inatosha, akiwa na kofia ngumu.

Msimu ni Oktoba hadi Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na bei zikishuka wakati huo, hiyo ndiyo sababu. Desemba na Januari beba sweta, usiku una baridi kweli. Kumbuka pia rial moja ni kama dola 2.6 za Marekani: "rial 10 tu" ni dola 26.

Wakati wa kurudi pitia Wadi Bani Khalid (wadi ni bonde la mto) ukaogelee kwenye mabwawa yake. Mavazi yafunike mabega na magoti, hata majini. Epuka Ijumaa, familia hujaa. Utabiri ukitaja mvua, usiende kabisa, mafuriko ya wadi huja ghafla.