Darasa la wachumba jijini Mbeya: tathmini ya mafunzo yanayouliza mtu huwa nani anapopenda

Mafunzo ya wachumba yanayotolewa na kituo kimoja cha ushauri nasaha jijini Mbeya hayaanzi na mawaidha ya uvumilivu wala wajibu wa mke na mume. Yanaanza na swali la kisosholojia: je, anayependa hubaki kuwa yule yule?

Kipindi bora kuliko vyote kilihusu hoja ya wanasosholojia Peter Berger na Hansfried Kellner, ambao mwaka 1964 walieleza kwamba ndoa ni mazungumzo yasiyokoma, ambamo watu wawili waliotoka katika historia mbili hujenga ulimwengu mmoja na kuyasimulia upya hata maisha yao ya zamani. Mkufunzi alimtaka kila mmoja wetu amtaje rafiki aliyekuwa naye karibu kabla ya uchumba. Ilibainika kwamba wengi hatukugombana na marafiki hao. Tulianza tu kuwatazama kwa macho ya wapenzi wetu, nao wakawa mbali. Sijapata kusikia jambo hilo likielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Anthony Giddens, mwanasosholojia wa Uingereza aliyeandika mwaka 1992 kuhusu uhusiano unaodumu maadamu wote wawili wanaridhika nao, alifundishwa kana kwamba alikuwa anazungumzia Mbeya. Hapa ndipo ninapotofautiana na mkufunzi. Kwetu, mshenga, mahari na vikao vya ukoo humpa mchumba nafasi mpya kabla wapenzi hawajakubaliana lolote kuhusu nafsi zao. Katika mila ya Wanyakyusa wa Rungwe, mke alimwepuka baba mkwe na hakulitamka jina lake, wala maneno yanayofanana nalo, hivyo kuolewa kulibadilisha hata msamiati wake wa kila siku. Mfano mzito kama huo, ulio jirani kabisa na ukumbi wetu, uliguswa kwa dakika chache tu, tena baada ya mshiriki kuuliza.

Wanaume nao waliachwa kando mno. Wanawake waliulizwa wataacha nini. Wachumba wao hawakuulizwa.

Pamoja na hayo, ninayapendekeza mafunzo haya kwa dhati, hasa kwa wachumba ambao vikao vya harusi havijawaanzia, kwani kamati ikishaundwa, mazungumzo yote huhamia kwenye michango. Ningeomba kituo kiongeze kipindi kimoja cha wazazi wa pande zote mbili, wakae na watoto wao katika ukumbi huo huo.