Kumuuliza mtaalamu au kuisikiliza jamii?

Katika mashindano ya iGEM ya baiolojia sintetiki (kubadili jeni za viumbe, kama bakteria, ili vifanye kazi mpya), yaliyoanza mwaka 2004 kutokana na kozi ya chuo cha MIT nchini Marekani, timu za wanafunzi hutarajiwa kueleza mradi wao unamgusa nani, na hapo ndipo muda mchache walio nao hugawanywa kati ya wataalamu na wananchi.

Mtaalamu hujibu maswali yenye mipaka: je, jeni hii itafanya kazi ndani ya bakteria, na kibali gani cha usalama kinahitajika? Saa moja naye yaweza kuokoa wiki kadhaa za maabara. Udhaifu ni kwamba mara nyingi hujibu alichoulizwa tu.

Jamii hujibu hata lisiloulizwa. Chukua kitambuzi kinachotumia bakteria kugundua aseniki, ambayo ni sumu, katika maji ya kunywa, kilichobuniwa na timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 2006: mkemia atauliza kama kinafikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 kwa lita, ilhali mwanamke anayeteka maji kisimani atauliza majibu yatachukua muda gani, nani atayasoma, na chupa yenye bakteria hai itatupwa wapi. Swali hilo la mwisho laweza kubadilisha muundo mzima wa kifaa. Ila mazungumzo haya ni ya polepole, na zipo timu zinazoyageuza kuwa mhadhara, jambo ambalo si kusikiliza hata kidogo.

Mimi ningeanzia kisimani, kisha ningempelekea mtaalamu maswali niliyoyaokota huko.