Uzoefu wangu: kishikwambi cha maoni ofisi ya kodi, na kidole ambacho hakikuwa changu

Nianze na kidole. Kidole cha afisa kilichopenya upande huu wa dirisha, kikabonyeza uso wa kijani unaocheka kwenye kishikwambi cha maoni, halafu nikasikia: "Kaka, si umehudumiwa? Haya, anayefuata!" Basi kwenye takwimu za ofisi ile ya kodi, mimi ni mteja niliyeridhika mno.

Shida yenyewe ni ya kawaida hapa Tanzania kwa kila mwenye kulipa PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi. Kontrol namba, yaani namba ya malipo unayoitoa kwenye mfumo kabla ya kwenda benki, ilitolewa kwa mwezi usio wake: Machi badala ya Aprili. Kosa langu, sibishi. Benki inapokea hela bila swali, mfumo unaipeleka Machi. Sasa Machi ina ziada, Aprili ina deni, na kwa kuwa PAYE inatakiwa iwe imeingia ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, riba inaanza kutembea juu ya deni ambalo hela yake iko hapohapo, mstari mmoja juu. Mfumo haukuhamisha chochote wenyewe. Unaandika barua ya kuomba malipo yahamishwe: TIN (namba yako ya mlipakodi), kontrol namba, kiasi, tarehe ya malipo, mwezi ulioandikwa, mwezi sahihi. Unaambatanisha risiti ya benki na ukurasa wa leja, yaani hesabu yako ya kodi kwenye mfumo wao, unaoonyesha ile ziada. Ukisahau huo ukurasa, utarudi.

Barua ilipokelewa. Nikaomba nakala yangu igongwe muhuri. "Muhuri wa nini, hutuamini?" Mtu aliyesomea kazi yake anauliza hivyo! Nakala bila muhuri na tarehe ni karatasi ya kufungia maandazi. Barua ikipotea huna pa kuanzia. Muhuri uligongwa hatimaye, kwa nguvu za kuvunja meza, na hapo ndipo kidole kilipotoka.

Kinachoniudhi si kidole tu. Hata ningebonyeza mwenyewe, kile kishikwambi kisingeambulia kitu. Kinauliza "Umeridhika?" wakati barua ndiyo kwanza imeingia kwenye trei, haijaguswa. Hakina namba ya tiketi, hakijui umefuata ritani (fomu ya hesabu za kodi), TIN au leja, na kimewekwa mbele ya macho ya mtu unayempima, ambaye kesho utamhitaji tena. Nani atabonyeza uso ulionuna? Mkubwa wao anafungua ripoti, anaona kijani mpaka chini, na Wiki ya Huduma kwa Wateja ikifika Oktoba wanakata keki. Sanduku la maoni la mbao nalo lipo mlangoni. Kufuli limeota kutu. Kalamu hakuna, karatasi hakuna.

Nilikuwa nimeshapanga kutoa nyota moja na kulala.

Halafu siku kadhaa baadaye ukaja ujumbe wa simu wenye kiungo cha dodoso. Maswali mengi ya bure (usafi wa vyoo, mwonekano wa jengo), lakini la mwisho lilikuwa na nafasi ya kuandika. Sikuandika matusi. Niliandika kontrol namba, tarehe iliyo kwenye muhuri, na sentensi moja: ziada iko Machi, deni liko Aprili, ni hela ileile. Dada mmoja akapiga simu. Alikuwa amesoma! Hakuniuliza "tatizo lako ni nini", aliuliza kama kiasi cha Machi kihamishwe chote au sehemu. Kabla ya wiki kwisha leja ikasogea. Kwa hiyo nasema nini sasa, kwamba maoni yanafanya kazi? Yanafanya, yakiulizwa mbali na dirisha na yakimfikia mtu mwenye uwezo wa kufungua leja.

Wangeniuliza mimi, maswali mawili yanatosha, na yatumwe baada ya faili kufungwa: leja yako sasa inasoma sawasawa? Umekuja mara ngapi kwa jambo hilohilo? La pili ndilo lingewavua nguo. Wangegundua kuwa watu wengi wa leja tunatokana na ukurasa mmoja wa kutolea kontrol namba, ambapo mwezi umeandikwa kwa herufi za sisimizi. Ukuzwe, uulize "Unalipia Machi, ni kweli?", nusu ya foleni ile iende nyumbani.

Jambo moja wengi wanalichanganya. Kulalamikia huduma si kuweka pingamizi. Kama umekadiriwa kodi usiyoikubali, siku 30 za pingamizi zinaendelea kuhesabika hata kama umejaza dodoso kumi, na kuna kiasi cha kulipa kwanza: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa. Ukikwama kwenye huduma na taratibu, kwa Tanzania ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, na hawatozi.

Nyota tatu, basi, kwa ajili ya yule dada. Hapana, mbili: nimefungua leja sasa hivi, deni limeondoka ila riba yake imebaki, mstari peke yake, shilingi 9,300, na cheti cha kutodaiwa hakitoki. Barua nyingine. Safari hii nikifika dirishani nitafunika kishikwambi kwa kiganja kwanza, ndipo nisalimie.