Mafuta ya karafuu, chupa ya 10 ml: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nimeyatumia kwenye mafuta ya kupaka miguu na mgongo. Chupa ni ya kioo cha kahawia, nililipa shilingi 15,000 kwenye duka moja la viungo mjini Unguja. Mafuta yenyewe nayasifu. Lebo siisifu hata kidogo, maana inamwambia mnunuzi apake matone machache usoni kabla ya kulala, bila kutaja kuyachanganya na chochote. Atakayefuata maneno hayo ataungua.

Nianze na ubora. Dondosha tone kwenye bilauri ya maji, kisha lisukume kwa kijiti cha meno lisinate juu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Haya yalizama yakatulia chini kama shanga ya manjano. Yaliyochakachuliwa sana kwa mafuta ya kula huelea. Tone jingine liache kwenye karatasi nyeupe kwa siku mbili: mafuta ya kula huacha doa linalong'aa na kupitisha mwanga, haya yaliacha kivuli hafifu tu.

Kinachokosekana kwenye lebo ni sehemu ya mti. Pemba, kiwanda cha Wawi kule Chake Chake kinajulikana kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu. Kuna pia mafuta ya majani ya mkarafuu, na ya karafuu zenyewe, ambayo harufu yake ni laini zaidi. Kwa ngozi, yote yahesabu kuwa makali, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta haya, mara nyingi asilimia 70 hadi 90, ni kemikali iitwayo eujenoli. Hiyo ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na hiyo hiyo ndiyo inayounguza ngozi.

Wengi hujibu kwamba karafuu imo kwenye singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bi harusi mwili, tangu enzi za mabibi na haijamdhuru bi harusi. Ni kweli, lakini karafuu kavu ina mafuta kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 20 tu, na kwenye singo imetwangwa pamoja na liwa na vinginevyo, ikasingwa kisha ikaondolewa. Ya chupani ni mafuta matupu, na yakipakwa hubaki mwilini.

Kiwango ninachofuata, ambacho ndicho kinachotajwa sana kwa mafuta ya karafuu kwenye ngozi, ni kisichozidi asilimia 0.5. Kwa 30 ml za mafuta ya nazi au ufuta hiyo ni 0.15 ml, karibu matone 3. Kwa 100 ml ni 0.5 ml, karibu matone 10. Nasema karibu kwa sababu tone la chupa hii si sawa na tone la chupa nyingine. Mimi napima kwa bomba la sindano la 1 ml kutoka duka la dawa. Linagharimu kidogo na halikisii.

Mafuta ya nazi yana mtego wake. Yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na aliye Arusha au Nairobi analijua hilo kila asubuhi. Ukidondoshea karafuu kwenye mafuta yaliyoganda, haisambai: inabaki mahali pamoja, na siku utakapochota pale utapaka kitu kikali kupita kiasi ulichokusudia. Weka chupa ya nazi kwenye bakuli la maji moto mpaka mafuta yawe maangavu, yaache yawe vuguvugu, ndipo utie karafuu na kutikisa kwa dakika nzima. Kutia matone kwenye ndoo ya kuogea ni kosa la namna hiyo hiyo. Hayachanganyiki na maji. Yanakaa chini, na kopo la mwisho ndilo linalokumwagia yote.

Kabla ya kutumia, jaribu mchanganyiko uliokwisha pima, si mafuta matupu. Paka eneo dogo upande wa ndani wa mkono, funika kwa plasta, tazama baada ya saa 48, kisha tena siku ya nne. Usiridhike na siku ya kwanza. Kuungua huonekana mapema, mzio hujitokeza polepole, na unaweza kuanza hata baada ya wiki kadhaa za kutumia bila shida. Ukishakupata, kwa kawaida hauondoki: utawashwa na manukato yenye eujenoli, na utalazimika kumweleza daktari wa meno, maana dawa ya muda ya kuzibia jino mara nyingi ni oksidi ya zinki iliyokorogwa na eujenoli. Kwa ngozi nyeusi kuna jingine pia: muwasho mdogo tu huacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi.

Usoni siyatumii kabisa, wala kwenye kidonda au ngozi iliyonyolewa punde. Watoto wadogo wasipakwe. Chupa ikae juu na kufungwa, kwani kunywa 5 hadi 10 ml tu kumewahi kuwasababishia watoto degedege na kuharibika kwa ini.

Lawama yangu ya mwisho ni kifuniko. Kina mpira wa kudondoshea, na mvuke wa eujenoli uliulainisha: mwezi wa pili ulikuwa umevimba na kunata, rangi yake ikaanza kuingia kwenye mafuta. Nimeyahamishia kwenye chupa ya kioo yenye kizibo kigumu kinachotoa tone moja moja. Wakati wa kuhamisha, tone likikuangukia mkononi, usikimbilie maji. Lifute kwanza kwa mafuta ya nazi matupu na kitambaa, ndipo uoshe kwa sabuni. Likiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.