Daktari wa paka anayekuja mpaka nyumbani: paka wetu watatu wamefungwa uzazi mezani kwetu

Paka wetu watatu wamefanyiwa oparesheni ya kufunga uzazi wiki tatu zilizopita, hapa hapa nyumbani Tandika, juu ya meza yetu ya chakula, na daktari aliyekuja na pikipiki na begi mgongoni. Majirani wananiuliza kila siku, kuna wanaoona tumewaonea viumbe wa watu na kuna wanaotaka namba, sasa naandika yote, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi, mtu akiamua aamue anajua anachokwenda kufanya.

Kwanza mjue nyumba yenyewe. Shani ndiye mama, ana rangi tatu, nyeupe nyeusi na ya chungwa, na kama mlikuwa hamjui paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Tangawizi ni mwanawe, dume, chungwa mwili mzima. Halafu yupo Mkaa, jike jeusi tii, binti yangu alimwokota mtaroni kipindi cha masika akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, tukamnywesha maziwa kwa bomba la sindano usiku na mchana kwa zamu, hata bibi yao alishika zamu. Bibi yao ndiye mama mkwe wangu, na ndiye anayempenda Shani kuliko sisi wote, akisimama kuswali Shani anajilaza pembeni ya mswala anasubiri, akitoa salamu tu anapanda mapajani. Wageni wakisema mbona paka anakaa kwenye mswala bibi anawajibu paka si najisi, paka ni wa kuzunguka na sisi, kwisha maneno.

Shida ilikuwa uzazi. Paka mimba yake ni kama siku 63 hivi, na anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha, hilo mimi nililiona kwa macho. Shani kwa mwaka mmoja alizaa mara tatu, wanne, watano, watatu, jumla kumi na mbili. Tukabaki na Tangawizi. Wanne walipata watu wazuri, wawili waligongwa na pikipiki pale barabarani kwetu, na watano walikufa wadogo kabisa, wanatapika, wanaharisha, leo anacheza kesho kutwa amekakamaa kwenye boksi. Mtoto wangu wa mwisho hapa nyumbani ana miaka sita, alishazika paka watano nyuma ya nyumba na kila mmoja alimwekea ua. Hiyo si kitu cha kumzoesha mtoto.

Uzao wa tatu baba watoto akasema basi, tuwatie kwenye kiroba tukawaachie sokoni wajitafutie. Si mtu mbaya, alisema tu kile ambacho mitaa yote hii watu wanafanya, mnawaona wale paka wa soko la samaki la Feri wamekonda mbavu zinahesabika wanagombania utumbo wa samaki, wengi walianza maisha kwenye nyumba ya mtu. Nilikataa. Lakini kukataa bila kuwa na njia nyingine haisaidii, na njia nilikuwa sina.

Daktari nilimpata kwa balaa. Mkaa aliingiwa na viroboto nikaenda duka moja la dawa za mifugo nikaomba dawa ya viroboto ya paka, muuzaji akanipa matone ya mbwa, akasema ni kitu kile kile we mpunguzie tu. Nikampaka shingoni saa kumi jioni. Saa moja usiku masikio yakaanza kumchezacheza, nikadhani ni nzi, baadaye ngozi ya mgongo ikawa inatetemeka yenyewe kama maji yanayotaka kuchemka, mate yanamtoka, akisimama miguu ya nyuma inakwenda upande. Watoto wanalia. Nikampigia afisa mifugo wa kata (kila kata anatakiwa awepo, itafuteni hiyo namba muiweke kwenye simu kabla hamjaihitaji) akanipa namba ya huyu daktari. Alipokea mlio wa pili. Swali lake la kwanza lilikuwa kwenye chupa imeandikwa nini, nikamsomea herufi kwa herufi mpaka nikafika permethrin, akasema hiyo hiyo, mbwa anaivumilia paka haimtoki mwilini, mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, si ya moto, msuuze, mkaushe, mfunike asipate baridi, mimi nakuja. Alifika ndani ya dakika arobaini akamchoma sindano ya kulegeza misuli, akakaa na sisi mpaka karibu saa sita usiku amemwekea mkono kifuani anasikiliza pumzi. Mkaa alipona. Kwa hiyo nikisema namwamini huyu mtu mjue naanzia wapi.

Sasa oparesheni. Wiki moja kabla alikuja kuwapima, akawaangalia fizi, akawasikiliza moyo, akawachanja kichaa cha mbwa pamoja na ile chanjo nyingine ya magonjwa matatu, ambayo mojawapo ndilo linaloleta yale matapishi na kuharisha yaliyotuulia watoto wa paka. Mimi nilikuwa najua kichaa ni cha mbwa tu kama jina lake lilivyo, kumbe paka anakipata na anaambukiza mtu kwa kung'ata. Kila paka akapata kadi yake yenye jina, binti yangu kazitunza kwenye faili la vyeti vya kuzaliwa.

Maelekezo yalikuwa wasile kuanzia saa nne usiku, maji waachiwe mpaka asubuhi. Aliahidi kufika saa mbili asubuhi. Akafika saa tano. Hapa ndipo nilipoudhika kuliko mahali pengine popote, maana paka watatu wenye njaa ndani ya nyumba moja wanalia mfululizo, Shani anazunguka miguu ya bibi, bibi anataka kumpa japo dagaa mmoja, nimesimama mlango wa jikoni kama askari. Meseji alituma saa nne. Angetuma saa moja na nusu tusingegombana.

Alipofika akaomba meza, maji ya kuchemsha na chumba chenye mwanga, akafuta meza kwa dawa mara mbili, akatandika shuka lake la plastiki na juu yake kitambaa kilichotoka kwenye pakiti iliyofungwa. Kilichonituliza ni mizani. Alikuwa na ile ya kuning'iniza kama ya kliniki ya watoto, paka anawekwa kwenye mfuko ananing'inizwa, anaandika kilo kwenye daftari, Shani 3.1, Tangawizi 4, Mkaa 2.6, ndipo anavuta dawa ya usingizi kwa kiasi cha kilo hizo. Nimesikia za watu wanaokadiria kwa macho. Ukiona anayekadiria dawa ya usingizi kwa macho mchukue paka wako uondoke.

Kuna kitu hakuna aliyeniambia nikashtuka, kwa ile sindano paka analala macho wazi. Shani amelala kimya kabisa, ulimi umetoka kidogo pembeni, macho mawili yanakutazama hayapepesi. Mtoto wangu akauliza amekufa? Daktari akamwita karibu, akamwonesha kifua kinavyopanda na kushuka, akamwambia tunampaka mafuta haya machoni kwa sababu hawezi kupepesa na jicho likikauka linaumia, akamwachia mtoto ashike tyubu. Aisee, hapo alinipata. Mtoto alikaa pale pale mlangoni anahesabu pumzi kwa sauti mpaka mwisho.

Majike kila mmoja alichukua kama nusu saa. Ananyoa manyoya tumboni, anafuta na dawa ya kahawia, anapasua kidogo, kidogo kweli, urefu wa kucha ya kidole gumba na nusu, anatoa mji wa uzazi na vifuko vya mayai, anashona tabaka kwa tabaka. Tangawizi alimaliza kabla chai haijapoa, dume hashonwi hata nyuzi.

Kuamka ndiyo kazi yenyewe, na hapo mjipange. Paka akiamka anayumba, anataka kuruka kwenye kochi na miguu haimtii, kwa hiyo tuliwaweka chini kwenye magodoro ya watoto, chumba chenye giza, kila mmoja na mtu wake. Bibi alikaa na Shani mpaka alfajiri. Usiku akaona anaguna akataka kumvunjia panadol nusu, bahati nzuri daktari alishatuonya mapema, ile dawa ya maumivu tunayomeza sisi ni sumu kwa paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Naiandika hapa kwa sababu bibi alitaka kuifanya kwa mapenzi, na najua kuna nyumba imeshafanya kwa mapenzi. Dawa ya maumivu ya paka aliwachoma mwenyewe na akarudi kesho yake kuwachoma tena.

Kwenye choo chao siku hizo tuliondoa mchanga na maranda tukaweka magazeti yaliyochanwa, vumbi lisiingie kidondani. Na kola, ile bakuli ya plastiki ya shingoni ili asirambe nyuzi, anaiuza 12,000 na mimi sikushauri. Mkaa aliivua mara nne, mara ya tano akakwama nayo chini ya kabati anapiga kelele. Binti yangu akachukua mkono wa sweta lake la shule la zamani akautoboa matundu manne ya miguu akamvalisha, ukakaa siku kumi bila kuvuka, hata daktari aliupiga picha.

Bei nilizolipa mimi: jike 80,000, dume 50,000, chanjo zote mbili 30,000 kwa kila paka, kuja na kurudi 10,000 kwa kila safari isipokuwa ya kutoa nyuzi ambayo hakuchaji. Si hela ndogo kwa nyumba yetu, tuliiweka kidogo kidogo kwenye kopo kwa miezi minne na baba watoto naye aliongezea, yule yule wa kiroba. Risiti hakutoa mpaka nilipoomba, akaandika kwa mkono. Hilo arekebishe, kazi nzuri namna ile haitakiwi kuishia kwenye karatasi la daftari.

Jambo lingine alilotakiwa kusema bila kuulizwa ni kwamba dume akishahasiwa bado anaweza kumpa mimba jike kwa wiki kadhaa mbele, mbegu zilizobaki hazijaisha. Sisi majike yetu yote yalifungwa siku ile ile, lakini mwenye dume tu na jirani ana jike asije kushangaa.

Yeye mwenyewe alinionesha kitambulisho chake cha kusajiliwa na Baraza la Veterinari, kasomea Sokoine Morogoro, na nilipomwomba hakununa. Ombeni. Mtu yeyote anaweza kununua koti jeupe Kariakoo. Na paka wako akiwa mzee, au ana kifua, au unene umepitiliza, msimfanyie mezani nyumbani, mpelekeni kliniki yenye oksijeni, hata daktari mwenyewe alisema kuna paka huwa anawakataa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwenda kwenye masaa matatu ya njaa na risiti.

Siku ya kumi na mbili alikuja kutoa nyuzi. Vidonda vikavu, safi, manyoya yameanza kurudi kama ndevu. Shani ameanza kunenepa kwa hiyo tumepunguza ugali tumebakisha dagaa wasio na chumvi, maini ya kuku mara moja moja na chakula cha paka cha pakiti hela ikiwepo, daktari kasema samaki peke yake kila siku hawamtoshi. Tangawizi bado alirusha mkojo kwenye pazia juzi, ila ni mara moja kwa wiki nzima na zamani ilikuwa kila asubuhi. Usiku wa kwanza wa zile siku ambazo zamani Shani alizoea kulia dirishani akiita madume, bibi aliamka saa nane akaja kunigongea, akasema mbona kimya, tukaenda na tochi tukamkuta kajikunja kwenye mswala amelala. Chanjo ya marudio ya ile ya magonjwa matatu ni wiki ijayo Jumamosi, nimeshamwambia daktari akichelewa anitumie meseji mapema.