Programu Mbili za Kusoma Kiingereza, Zilizojaribiwa kwa Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, huku Kiingereza akikisoma kama somo moja tu, kisha Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo kama baiolojia na jiografia yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa nafundisha tuisheni ya jioni huku Mbagala, Dar es Salaam, nilijaribu programu mbili za simu na wanafunzi sita kwa muda wa miezi miwili, nikitaka kuona kama zinasaidia ufahamu wenyewe na si matamshi au msamiati peke yake.

Ya kwanza, ambayo sitaitaja, hulipiwa kila wiki kwa salio la simu. Ina rangi za kupendeza, inatoa nyota, na baada ya kila kifungu huuliza maswali ya kuchagua jibu. Wanafunzi wangu waliipenda upesi, na alama zao zikapanda upesi vilevile, jambo lililonitia shaka. Jioni moja, baada ya mmoja wao kupata tisa kwa kumi, niliwaambia wote wafunike simu na wanisimulie kwa Kiswahili walichosoma. Wanne kati ya sita wakabaki kutazamana. Walikuwa wamegundua kwamba maneno ya swali hurudiwa vilevile ndani ya kifungu, kwa hiyo walilitafuta neno linalofanana, wakabonyeza sentensi iliyo jirani nalo, wakavuna nyota. Neno dogo kama “although”, ambalo hugeuza maana ya sentensi nzima, walilipita kama abiria apitavyo kituo kisicho chake.

Ya pili ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambayo ni ya bure na ina hadithi fupi zenye picha, zilizopangwa kwa viwango vitano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu za kusomewa kwa sauti. Hadithi zikishapakuliwa husomeka bila intaneti, na kwa wazazi wanaohesabu bando hilo si jambo dogo. Lakini thamani yake kubwa kwangu ni kwamba hadithi nyingi zipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, hivyo mwanafunzi anaweza kusoma ya Kiingereza, akaandika alichoelewa, kisha akajisahihisha mwenyewe kwa kulinganisha na ya Kiswahili. Hapo ndipo “although” ilipoanza kuonekana, kwa sababu aliyeiruka aliikuta “ingawa” ikimngoja upande wa pili.

Hata hivyo, hii ni maktaba, si mwalimu, kwa hiyo maswali ya “kwa nini” nilitunga mwenyewe. Hadithi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watoto wadogo, na kijana wa miaka kumi na minne huona haya kushikwa akisoma habari za kuku na sungura. Wangu walitulia nilipowapa kazi ya kuwasomea wadogo zao nyumbani. Wala haitamfikisha mtu kwenye lugha ya kitabu cha baiolojia, na kwa kazi hiyo bado natumia kitabu chenyewe, aya moja kwa jioni.

African Storybook tunaendelea nayo kwenye simu tatu. Ile ya kulipia niliifuta bila kujitoa kwanza kwenye malipo, na wiki iliyofuata nikakatwa tena.