Cessna 150 na 152: soma daftari kabla ya kutazama rangi

Habari zenu wapenzi wa ndege ndogo, karibuni. Hii mnayoiona nyuma yangu ni Cessna 152, na leo naichambua pamoja na iliyoitangulia, Cessna 150. Anayetafuta ndege yake ya kwanza ni vigumu azikwepe hizi mbili. Ya 150 ilitengenezwa kuanzia 1958 hadi 1977, zikatoka zaidi ya 23,000. Ya 152 ikapokea kijiti hadi 1985, nazo zikapita 7,000. Kwa hiyo yoyote utakayouziwa leo ni ya zamani. Umri wenyewe haunitishi. Ninachoogopa ni ndege iliyolala bandani bila kuruka.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Muuzaji atakwambia injini ina saa chache tu tangu ifumuliwe. Maneno matamu hayo. Wewe mwombe daftari la injini, na usiishie kusoma saa, soma tarehe. Saa 150 ndani ya miaka 15 maana yake injini imekaa kimya miezi na miezi.

Sasa tuingie ndani. Injini ya 152 ni Lycoming O-235, na kamshafti yake, yaani mtaimbo unaofungua valvu, imekaa juu ya kranki, mtaimbo mkuu unaozungusha panga boi. Ukizima injini, oili inachuruzika kwenda chini na kamshafti inabaki juu huko na utando mwembamba tu wa oili. Wiki zikipita, utando unaisha, unyevu unafika kwenye chuma na kutu inaanza. Siku ukiwasha, pale penye kutu panasagana na tapeti, yaani vipande vinavyosukumwa na kamshafti, na vumbi la chuma linaingia kwenye oili. Continental O-200 ya 150 kamshafti yake iko chini ya kranki, kwa hiyo hapo ina nafuu. Lakini silinda zake zinapata kutu kama za injini nyingine yoyote.

Kuna wamiliki wanaodhani dawa ni kuiwasha dakika kumi kila wiki bila kuruka. Tafadhali, acheni. Petroli ikiungua inatoa maji, na baadhi yake yanapenya hadi kwenye oili. Ili yatoke, oili lazima ipate moto vya kutosha kwa muda wa kutosha, jambo ambalo injini inayonguruma pale chini haiwezi kulifanya. Unakuwa unaongeza maji tu. Kama huwezi kuirusha nusu saa au zaidi, heri uiache, na kama italala muda mrefu mwambie fundi aiwekee oili ya kuhifadhia.

Kwenye ukaguzi wa kununua, kama ndege ina filta ya oili, mwombe fundi aikate mbele yako. Karatasi ile ya ndani inakunjuliwa yote, inashikwa kwenye mwanga, kisha anapitisha sumaku. Vumbi linalong'aa na kushikwa na sumaku ni chuma cha injini hiyo. Hapo rangi mpya na viti vya ngozi havina tena la kukwambia.

Kamera, sogea hapa kwenye kiti. Hii reli ya sakafuni ina matundu, na pini ya kiti inaingia kwenye tundu ili kiti kisisogee. Ona hili la tatu: halina tena duara, limerefuka kwa kuliwa. Pini isiposhika, ndege ikiinua pua wakati wa kupaa, kiti kinarudi nyuma na wewe umeshika usukani. Unauvuta bila kutaka. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ina agizo la lazima la kukagua reli hizi kwenye Cessna nyingi. Likamate kwenye karatasi za ndege, halafu ukague kwa vidole vyako mwenyewe. Mimi kabla ya kuwasha hujisukuma nyuma kwa nguvu, kila mara.

Agizo jingine ni la 2009, kuhusu usukani wa mkia. Usukani ule uliweza kupita kizuizi chake na kukwama. Mmiliki alipewa njia mbili: afunge vizuizi vipya, au abandike tangazo la kukataza mizunguko ya kuporomoka na michezo mingine ya angani. Kama unataka ndege ya kufundishia mizunguko hiyo, uliza ni njia gani ilifuatwa.

Haya, kuirusha. Ni raha kweli. Mabawa yako juu, mafuta yanashuka yenyewe bila pampu, na ndani kuna valvu moja tu ya kufungua na kufunga. Geji za mafuta usiziamini, panda na kijiti upime tangi. Kisha toa mafuta kidogo kwa chini ukague: petroli ya ndege iitwayo 100LL ni ya bluu, na maji ni mazito, utayaona yametulia chini ya chupa.

Ya 150 ina nguvu za farasi 100, uzito wa juu kilo 726. Ya 152 ilianza na farasi 110, kilo 757. Watu wawili wenye miili na tangi limejaa, tayari unaweza kuwa umezidisha, kwa hiyo piga hesabu kila safari. Mwendo ni kama kilomita 180 kwa saa, na bega lako litagusa la jirani yako njia nzima.

Injini ya 150 inajulikana kwa barafu kwenye kabureta, hata nje kukiwa na joto la nyuzi 20 na hewa yenye unyevu. Mizunguko ya injini inapungua taratibu bila wewe kugusa kitu. Ukivuta kishikio cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, injini inakohoa, mizunguko inashuka zaidi. Mwanafunzi anaogopa, anairudisha. Usiirudishe! Ile ni barafu inayeyuka inapita ndani. Subiri, nguvu itarudi.

Mkinibana nichague, nachukua 152. Sababu ni flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Za 150 nyingi zinashuka hadi nyuzi 40, na ukighairi kutua zikiwa zimeshuka zote, farasi wale 100 wanakupandisha kwa shida sana. Kwenye 152 mwisho ni 30. Lakini nikiwekewa 150 inayoruka kila wiki na 152 iliyolala miaka mitano, nalipia 150 siku hiyo hiyo.